Barabara ya Sebuleni

Kwa muda wa miezi kumi na minne sebule yetu ilikuwa barabara halali ya manispaa. Sifanyi mzaha. Barua ninayo, ina muhuri, na vipimo vimeandikwa humo: upana mita tatu na nusu, haina taa, haina mtaro, ina zulia.

Chanzo cha yote ni babu yangu. Alijenga nyumba katikati ya kichochoro, kwa sababu ambazo hakuwahi kuzieleza zaidi ya kusema kwamba kiwanja ni chake na aliyekuwa na neno angelisema mapema. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa swala ya Idi, mbele kuna mtaa. Kabla ya babu kujenga, watu walikwenda uwanjani kwa barabara kuu na kurudi kwa kichochoro, maana siku ya Idi ni sunna kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Babu alipomaliza kuezeka, ikabaki njia moja. Wazee wa msikiti wakaja kumwuliza, sasa bwana, sisi tutarudi wapi? Babu, ambaye hasira zake ndizo hizi nilizorithi, akawaambia kama shida yao ni njia basi wapite humo humo ndani, waingie mlango wa nyuma watoke wa mbele. Alitaka kuwakomoa. Wao wakamshukuru sana, wakatoa karatasi, akatia dole gumba kabla hasira hazijapoa.

Karatasi hiyo bado iko ukutani, ndani ya fremu. Na tangu siku hiyo, mara mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa, watu mia tatu hupita sebuleni kwetu wakileta takbiri. Imamu wetu, mtu mpole, huwakumbusha kila mara kwamba hiyo ni sunna, si faradhi, na asiyeweza hana dhambi. Hawamsikii. Watu hao hao ukiwaambia waje kufagia msikiti, kila mmoja mgongo unamuuma.

Sasa mimi ni fundi makochi. Naomba jambo hilo lifikiriwe. Mtu anayekula kwa kushona makochi, anayejua kitambaa cha rangi ya krimu kinavyoshika alama ya kidole na kutoiachia tena, ndiye aliyejaliwa sebule ya kupitwa na umati. Mwaka mmoja fundi bomba alikosea mlango akaingia chooni, na watu ishirini waliokuwa nyuma yake wakamfuata, kwa kuwa walizoea kufuata mgongo wa mbele bila kuuliza. Walibanana humo wakiendelea na takbiri mpaka nilipowatoa mmoja mmoja. Mwaka mwingine, Idi kubwa, jamaa alipita na kondoo wake wa kuchinja, na kondoo akatafuna mto. Kinyozi hupita mara mbili. Akishatoka mbele huzunguka akaingia tena nyuma, na ukimwuliza anasema mara ya kwanza hakunuia.

Basi nikaweka sheria. Niliziandika kwa rangi nyekundu mlangoni: VUA VIATU. USIGUSE KOCHI. USIGUSE UKUTA. PITA, USISIMAME. Chooni nikachora mshale wa kuwarudisha. Kila Idi, imamu akitoa salamu tu, mimi nilikuwa nasimama na kukimbia nyumbani kabla ya hotuba, nikamate ufagio na kusimama mlangoni. "Pita, usisimame! Kuna watu nyuma!" Hiyo ndiyo ilikuwa Idi yangu kwa miaka ishirini. Nilikuwa napiga kelele mpaka sauti inakauka, na bado walikuwa wanasimama.

Walisimama kwa sababu ya mama.

Mama ana miaka themanini na kitu. Nyonga ndiyo iliyotangulia kumwacha, macho yakafuata. Tangu hapo hajatia mguu uwanjani, lakini ukimpa pole kwa kuikosa swala ya Idi anakushangaa. "Mimi siifuati Idi," husema. "Idi inanifuata mimi." Siku hiyo huketi kwenye kiti chake katikati ya milango miwili, chupa ya marashi mapajani. Kila anayepita humpa mkono, naye hupaka tone moja kwenye kiganja na kumwambia mtu neno. Wako vijana wawili wenye msimamo ambao huufunika mkono kwa kitambaa kwanza, naye hukipaka kitambaa marashi na kuendelea. Haoni, lakini anawajua wote kwa viganja. Mwuza nyama ana mkono wa baridi. Mwalimu ana chaki hata sikukuu. Kinyozi alianza kutetemeka vidole, na mama alijua kabla ya mkewe. Idi iliyopita alishika mkono wa seremala akakuta kidole kimefungwa bandeji, na kabla hajapata habari yote mimi nilikuwa nimeshapaza sauti kwamba kuna watu nyuma, seremala akapita. Miezi kumi mama amekuwa akiniuliza, kidole cha seremala kimepona? Namjibu, sijui mama, nitamwuliza. Sikuwahi kumwuliza.

Muda wa kuandika barua ndio niliokuwa nao. Nimeandika barua manispaa kwa miaka minane, nikiomba watengeneze njia ya pili ya kwenda uwanjani. Mwisho, mwaka juzi, wakamtuma ofisa wa barabara, kijana mwembamba mwenye miwani na futi ya kupimia. Akapima sebule kwa urefu na kwa upana, akapima na urefu wa dari, akaandika, kisha akakuna kichwa.

"Mzee, umesema hapa watu mia tatu wanapita humu kila Idi, zaidi ya miaka sitini, na kwa maandishi."

"Ndiyo."

"Basi hii ni barabara."

"Hii ni sebule."

"Kwa jinsi inavyotumika ni barabara. Na mahali penye barabara siwezi kuombea nyingine. Lazima hii isajiliwe kwanza, halafu ifungwe, halafu tuombe nyingine badala yake."

Nilikuwa natafuta tusi lisilovunja swaumu, maana ilikuwa Ramadhani, mama akamwita kijana asogee. Akamshika mkono. "Mkono huu hauli daku," akasema. Kijana akakiri kwamba haamki, anafunga hivyo hivyo. Nilitoka kwenda karakana, na niliporudi baada ya nusu saa nikamkuta ameketi chini kwenye zulia, futi imelala pembeni, anasimulia maisha yake yote.

Ikawa hivyo. Fomu zilichukua karibu mwaka, kisha sebule ikasajiliwa. Mke wangu akapata sababu ya kunikataza kujinyoosha pale mchana, eti kuzuia barabara ni kosa. Mwaka ukapita na zaidi, na njia mpya ikajengwa kweli, kati ya ukuta wa shule na karakana ya mabati, vitofali vyekundu, safi kabisa. Ilikamilika siku tatu kabla ya Idi ndogo. Siku hiyo hiyo ikaja barua ya pili: barabara ya sebuleni imefungwa rasmi, atakayeipita atachukuliwa hatua. Nikaitia fremu na kuitundika chini ya karatasi ya babu. Nikalala fofofo.

Usiku wa kuamkia Idi, mama akiwa amelala, nikaliingiza kochi. Nilikuwa nimelishona miezi sita, krimu tupu, la kukaliwa na watu watano, na lilikuwa limekaa karakana ndani ya nailoni likingoja siku ambayo sebule yangu ingekuwa sebule. Nililiweka katikati, likakata chumba pande mbili. Mlango wa nyuma nikauegemezea kabati la vyombo. Nikasimama nikatazama, na nakiri nilikuwa na furaha kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.

Jambo moja tu sikulifanya. Sikumwambia mama.

Asubuhi ya Idi nilitoka chumbani nimevaa kanzu mpya, nikamkuta ameshakaa kitini mwake. Amevaa nguo mpya, amejifunga mtandio, uso ameuelekeza mlango wa nyuma. Chupa mapajani.

"Shikamoo mama. Idi njema."

"Marahaba baba. Mlango umefunguliwa?"

"Bado mama. Ni mapema."

"Kuna kitu kimesimama hapa mbele yangu. Kinanuka gundi."

"Ni kochi, mama."

"Sasa watu watapitaje?"

"Watapita tu," nikasema. Nilisema uongo asubuhi ya Idi, na tende iko mdomoni.

Jikoni mke wangu alikuwa akinisubiri, mikono kiunoni. "Hujamwambia."

"Nitamwambia nikirudi."

"Ukirudi na nani?"

Akaendelea, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Jana kaniomba nimkate kucha, asije akawakwaruza watu. Kaniuliza marashi yatatosha watu mia tatu? Nimemwambia yatatosha, mama. Na yatatosha kweli. Hata hayatapungua." Akageuka kuosha sufuria iliyokuwa safi. Akasema yeye haendi uwanjani, atabaki naye, kwa sababu lazima mtu awepo wakati mama anaanza kuuliza mbona kimya.

Nilikwenda kwa barabara kuu kama kila mtu. Uwanja ulikuwa umejaa, mikeka imetandikwa, watu wananukia usafi. Kwenye kipaza sauti alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya msikiti, karani wa mahakama mstaafu ambaye tunamwita Bwana Ajenda, maana huyo hata maji hanywi mpaka yawe kwenye ajenda. Alitangaza kwamba sisi sote tumekuja kwa barabara kuu, vizuri, na kwamba baada ya hotuba tutarudi kwa njia mpya. Utepe umefungwa, mkasi upo, mgeni rasmi ni ofisa wa barabara, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na kanzu iliyompwaya. Kisha akanitaja mimi. Akasema nimeiondolea jamii usumbufu wa miaka mingi.

Watu wakageuka kunitazama. Hakuna aliyenuna. Walinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekufungia mlango.

Tukasimama kuswali. Swala ya Idi ina takbiri saba za ziada katika rakaa ya kwanza na tano katika ya pili, na kwa kuwa ni mara mbili tu kwa mwaka, hakuna anayejiamini. Kila mtu humwibia jicho jirani. Mimi nilikuwa safu ya pili, na mawazo yako nyumbani. Takbiri ya nne nikaenda rukuu. Jirani yangu wa kulia akanifuata, na wa kulia kwake, kisha safu nzima ya nyuma yetu, kisha ya nyuma yake, wote wameinama na imamu bado amesimama anaendelea ya tano. Tulipogundua tukainuka kwa mafungu. Nyuma kabisa waliinuka wakati sisi tunainama kwa haki. Mungu ni mwingi wa rehema, na siku ile alizitumia nyingi.

Salamu ilipotolewa, miguu yangu ikataka kukimbia nyumbani kwa mazoea. Nikakumbuka sina pa kukimbilia. Nikakaa. Ilikuwa hotuba yangu ya kwanza ya Idi kwa miaka ishirini, na sikusikia hata neno moja, kwa sababu kutoka pale nilipokaa niliuona mlango wetu wa nyuma. Sikuwahi kuuona kutoka upande ule ukiwa umefungwa. Ulikuwa mlango wa kawaida, rangi imebanduka chini. Nyuma yake kuna kabati, nyuma ya kabati kuna kochi, nyuma ya kochi kuna mama amekatwa kucha.

Imamu alipomaliza dua, Bwana Ajenda akashika mkasi. Nikasimama.

"Jamani, ngojeni kwanza."

Wakangoja. Wamezoea nikipiga kelele, si nikiomba.

"Mama anawasubiri," nikasema. "Amekaa kitini tangu alfajiri. Hajui kama kuna njia mpya, sikumwambia. Nawaomba mpite kwangu."

Kisha mwuza nyama akauliza, "Kwako wapi? Kule kwenye usiguse ukuta?"

Watu wakacheka, na vifua vikafunguka. Kinyozi akasema Idi iliyopita alikohoa, nikamwambia akakohoe nje. Fundi bomba akasema miaka yote hii mshale wa chooni unamwaibisha, kila mtu anajua umechorwa kwa ajili yake. Mwalimu akasema nilimsahihishia namna ya kupanga viatu vyake, yeye, mwalimu. Yote yalikuwa kweli. Nilisimama nikayapokea moja moja.

Mtu mmoja mwenye huruma akasema, "Basi tutakwenda kumsalimia jioni, mmoja mmoja."

"Hasubiri wageni," nikasema. "Wageni wanakuja siku zote. Anasubiri Idi ipite." Na mimi, ninayejulikana kwa kufoka, machozi yakanitoka mbele ya watu mia tatu. Sikuyafuta. Niliona haya, na pia niliona ni haki yangu.

Seremala akainuka kwenye mkeka wake. "Aliulizia kidole changu?"

"Miezi kumi anakiulizia."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nitakuuliza."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Akakunja mkeka wake, akautia kwapani. "Mimi napita kwa mama," akasema. Watu wakaanza kuinuka.

"Utaratibu!" Bwana Ajenda akapaza sauti. "Utaratibu jamani! Njia ile imefungwa kisheria. Atakayepita atachukuliwa hatua. Barua nimeisoma mwenyewe." Akamgeukia ofisa wa barabara. "Mgeni rasmi, tusaidie."

Kijana akasimama, akavuta kanzu yake, akarekebisha miwani. Nilidhani ananimaliza. "Kuifungua tena kunahitaji fomu," akasema, "na ofisi leo hazipo. Hilo haliwezekani." Akainua kidole. "Lakini njia mpya ikiwa na kizuizi, kanuni inaniruhusu kurudisha watu kwenye njia ya zamani mpaka kizuizi kiondolewe."

"Kizuizi kiko wapi?" Bwana Ajenda akauliza.

"Sijakiona. Kikiletwa nitakiona."

Bwana Ajenda akafikiri. Akili yake ilikuwa imeguswa pale inapopenda. "Na barabara kuu hatuwezi kurudi nayo," akasema polepole, "kwa kuwa ndiyo tuliyojia." Akainua macho. "Kizuizi cha ukubwa gani?"

"Njia ina mita mbili na nusu," ofisa akasema.

Kochi langu lina mita mbili na nusu. Nililishona mwenyewe, sikuhitaji futi.

Tulikwenda wanaume wanane. Nikagonga mlango wa nyuma, tayari nikiwaza jinsi ya kulisukuma kabati kutoka nje. Mlango ukafunguka mara moja. Mke wangu alikuwa amesimama hapo, jasho linamtoka, vyombo vyote vimepangwa sakafuni na kabati limeshavutwa kando. "Kochi lilinishinda," akasema.

Tukalibeba. Mwuza nyama alilikamata kwa viganja vyote viwili, katikati ya krimu. Fundi bomba aliuegemeza mgongo wake. Walipita nalo juu ya vumbi, wakaliinamisha, likagonga fremu ya mlango, nikasikia uzi unakatika. Mama alikuwa akigeuza kichwa kufuata vishindo, akauliza, "Wameanza kupita?" na mke wangu akamjibu, "Bado mama. Wanasafisha njia."

Tukalitua kwenye mdomo wa njia mpya, chini ya utepe. Lilienea kutoka ukuta wa shule mpaka bati la karakana, lisingepita hata paka. Ofisa wa barabara akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akalitazama kochi kwa makini.

"Nakiona," akasema.

"Kizuizi cha umma lazima kiwe na mlinzi," Bwana Ajenda akasema, akaketi katikati ya kochi langu na mkasi wake mkononi, akajaribu kama linabonyea. Linabonyea vizuri. Akaegemea.

Ndipo takbiri ikaanza. Aliianzisha imamu mwenyewe, na watu mia tatu wakaipokea, wakasogea kuelekea nyumba yetu. Mimi nilikimbia mbele, nikaingia, nikakamata ufagio nikasimama mahali pangu mlangoni, mdomo nimeshaufungua. Mke wangu akaunyakua ufagio.

"Toka hapa," akasema. "Nenda kapange foleni."

Nikatoka. Nikazunguka mpaka mwisho wa mstari, nyuma ya watu wote, nyuma ya ofisa wa barabara. Sikuwahi kusimama pale. Kutoka nyuma, nyumba yetu ni ndogo, na mtu anajiuliza umati ule unaingiaje. Mstari ulisogea hatua moja, ukasimama. Ukasogea tena, ukasimama. Hakuna aliyepiga kelele, na bila mtu wa kupiga kelele ilichukua saa nzima. Jua likapanda. Katikati ya saa hiyo Bwana Ajenda akaja mbio, akaomba nafasi mbele ya ofisa, akasema ameridhika kwamba kizuizi hakina nia ya kwenda popote.

Kadiri nilivyosogea nilianza kumsikia mama. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Huyu baridi, mwuza nyama, Idi njema mwanangu, mkeo kajifungua? Alhamdulillahi. Huyu wa kitambaa. Huyu… subiri, subiri, nipe hicho kidole." Kisha akasema, "Kimepinda."

"Kimepinda mama, lakini kinafanya kazi," seremala akasema.

"Basi si kibaya. Miezi kumi nilikuwa nakiwazia kimekatwa." Na nikasikia seremala anacheka na kupenga kamasi kwa pamoja.

Zulia langu lilikuwa na alama za miguu kutoka mlango hadi mlango. Viganja vilikuwa vimeshikilia ukuta mahali pote pa kushikika. Kinyozi alipita mara ya pili mbele ya macho yangu, nami nikatazama dari. Bwana Ajenda akapewa tone lake. Ofisa wa barabara akainama.

"Umekula daku mwezi huu?"

"Nimekula mama. Kila siku."

"Ndiyo. Mkono una uzito." Akampaka, akamwachia.

Ikabaki zamu yangu. Chupa ilikuwa imekwisha, aliigeuza juu chini na kuisubiri, tone likatoka. Nikampa mkono. Akaupapasa, kidole kwa kidole, akafika kwenye sugu ya dole gumba inayotokana na sindano ya makochi, akaacha kupapasa.

"Huyu hajawahi kupita," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nimesema hujawahi kupita."

Akalipaka lile tone kiganjani mwangu, taratibu, akalisambaza mpaka likakauka. Sikujua kinachofuata. Miaka ishirini nilikuwa nikiwatazama watu wakifanya jambo lile, na sikuwahi kuangalia wanafanya nini baada ya hapo, zaidi ya kuwahimiza waondoke. Basi nikafanya nilichokuwa nikiwaambia. Nikaanza kuutoa mkono, nielekee mlango wa mbele.

Hakuuachia.

"Unakwenda wapi?"

"Napita, mama."

"Nyuma yako kuna watu?"

Nikageuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, uwanja mtupu, mkeka mmoja umesahauliwa unapepea ncha, na mbali kochi langu limekaa peke yake juani.

"Hakuna mtu, mama."

"Basi simama."